Mwenye Bendi ni Nani? Soft Machine Jukwaani Tangu 1966

Wazee wangu mliokaa viti vya mbele, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Na nyie vijana mliobanana pale mlangoni, sogeeni ndani, leo hakuna kiingilio.

Nimeombwa nizungumzie bendi iliyodumu. Najua wengi mlidhani nitakuja na Msondo au Sikinde, maana vidole hivi vimezeekea kwenye dansi. Nimekuja na Waingereza. Msiondoke kwanza, nina sababu.

Zamani kidogo nilikuwa napiga kinanda kwenye bendi moja ya hoteli. Jina silitaji, wenzangu wengine bado wapo hai, na mmoja namwona ameanza kucheka. Siku moja kiongozi wetu akahama, akaondoka na jina la bendi. Sisi tukabaki na ampulifaya mbili, drams zilizochanika ngozi, na mkataba wa Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa ile ile tukapiga nyimbo zile zile kwa jina la kubabaisha, watu wakacheza. Mtaa wa pili yeye naye akapiga kwa jina letu, na kwake watu wakacheza. Sasa bendi ilikuwa ipi? Tulibishana miezi, hadi kwenye vikao vya pombe, bila jibu. Kilichonipa mwanga ni kaseti moja niliyoachiwa na mwalimu wa kigeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Kwenye karatasi yake kulikuwa na maneno mawili tu yaliyoandikwa kwa kalamu: Soft Machine. Mashine Laini.

Tuanzie Canterbury, mji wa kanisa kuu kule Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Pale kuna shule ya wavulana ya Simon Langton, na miaka ya hamsini na sitini walipita pale Robert Wyatt, Mike Ratledge na ndugu wawili, Brian na Hugh Hopper. Nyumbani kwao Wyatt, kijiji cha Lydden karibu na Dover, kulikuwa na nyumba kubwa yenye vyumba vya kupangisha. Akaja mpangaji kutoka Australia, Daevid Allen, amewazidi umri, na mizigo yake ilikuwa na santuri za jazz. Kila mwanamuziki humu ndani ana mtu wake wa namna hiyo. Wa kwangu alikuwa fundi redio.

1964 baadhi ya vijana hao wakaunda bendi iliyoitwa Wilde Flowers, ambayo haikupata jina kubwa ila ilizaa bendi nyingine mbili tatu zilizolipata. 1966 ikazaliwa Soft Machine: Wyatt kwenye drams na kuimba, Kevin Ayers besi na kuimba, Ratledge kinanda, Allen gitaa. Jina walilitoa kwenye riwaya ya 1961 ya Mmarekani William Burroughs, na Allen alikuwa anafahamiana naye tangu Paris. Kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa la kuazima tangu siku ya kwanza. Mliweke hilo akilini.

London wakawa wanapiga kwenye klabu ya UFO, ukumbi wa chini ya ardhi pale Tottenham Court Road, wakipokezana na Pink Floyd. Nyuma yao alisimama msanii Mark Boyle na projekta zake. Alikuwa anaweka vimiminika vya rangi katikati ya vioo viwili vidogo, joto la taa likivichemsha, na ukutani unaona mapovu makubwa kama nyumba yanapasuka yakigeuka rangi. Hapakuwa na kompyuta. Ni mkono wa mtu, dawa na taa ya moto. Fundi taa wetu hapo juu anatikisa kichwa. Ndiyo, vidole viliungua.

Sasa tufike pale bendi ilipopata sauti yake, na ilipatikana kwa ajali ya uhamiaji. Kiangazi cha 1967 walikwenda kupiga kusini mwa Ufaransa. Wakati wa kurudi, Allen akazuiwa kuingia Uingereza kwa sababu ya mambo ya viza. Akabaki Ufaransa, akaanzisha Gong, nayo ikawa bendi ya kudumu kivyake. Wenzake wakavuka bahari bila gitaa. Wazia bendi ya muziki wa rock, 1967, mwaka ambao Jimi Hendrix yuko London anachoma gitaa, na nyinyi hamna gitaa.

Naomba mwangalie mkono wangu. Fundi, nipe kinanda, na uniwashie hicho kisanduku cha kukwaruza sauti, kile vijana wa gitaa mnachokiita distoshen. Nabonyeza. Mnasikia? Inakwaruza kama msumeno kwenye bati. Endelea kusikiliza. Nainua mkono. Hiyo! Mnaona mlivyoziba masikio? Ratledge alikuwa anapitisha kinanda chake cha Lowrey kwenye kisanduku kama hiki, na spika zake ziko wazi mpaka mwisho, ili apate sauti ya kupambana na magitaa. Tatizo ni kwamba akiinua vidole tu, mashine inaanza kupiga mluzi. Dawa ikawa moja, asiinue. Kidole kimoja hakijatoka, kingine kimeshafika. Ile mistari mirefu ya kinanda isiyopumua, ambayo wachambuzi wameiandikia kurasa nyingi, ilianza kwa mtu anayekimbia kelele za spika yake mwenyewe. Nami nilipolijua hilo nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu niliwahi kutaka kuacha muziki nikidhani yule bwana ana vidole kumi na mbili.

Zima, fundi. Ahsante. Wazee, samahanini.

Basi nyimbo nazo zikaunganishwa. Ukiwasikiliza kwenye maonyesho yao ya miaka ile, dakika 40 zinapita na hujaona mlango wa kupigia makofi. Wimbo unayeyuka ndani ya mwingine. Ina faida zake pia: hadhira isiyopata nafasi ya kushangilia haipati nafasi ya kuzomea. Na kule Ufaransa walikuwa na kibao kimoja chenye kipande kimoja cha muziki na maneno machache, wakakirudia kile kile, kile kile, zaidi ya nusu saa. Mwingereza wa kawaida aliona ni wazimu. Sisi hapa tunajua maana ya sebene. Tunajua kwamba kitu kikirudiwa mara ya sitini si kile cha mara ya sita.

1968 wakapelekwa Marekani kumtangulia Hendrix jukwaani, safari ndefu ya miji mingi. Katikati yake, Aprili, wakaingia studio New York wakarekodi santuri ya kwanza kwa siku chache. Safari ile iliwamaliza. Ayers aliporudi aliuza gitaa lake la besi kwa Noel Redding, mpiga besi wa Hendrix, akaenda kukaa Ibiza. Bendi ikafa. Mwisho wa hadithi, ungedhani.

Lakini santuri ikatoka, na mkataba ukadai santuri ya pili. Wanaume wawili waliobaki wakahitaji besi. Wakamgeukia Hugh Hopper, rafiki wa shuleni, ambaye kwenye ile safari ya Marekani kazi yake ilikuwa kubeba na kufunga vyombo. Mbeba spika akawa mpiga besi, na ndani ya mwaka mmoja akawa mmoja wa watunzi wakuu wa bendi. Vijana mnaobeba spika hapa leo, nimewaona mnavyotabasamu.

Hopper alileta na besi yenye mkwaruzo, na hesabu ngumu. Hapa nitawachosha kidogo. Dansi letu linahesabiwa nne: moja-mbili-tatu-nne, mguu unajua pa kutua. Wao wakapenda saba. Pigeni na mimi mezani: moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu. Mnaona mnavyojikwaa pale mwisho? Mguu umeinuliwa, sakafu haipo. Ukizoea, baada ya dakika tano, nne ya kawaida inaanza kuonekana kama kiatu kikubwa.

Mwishoni mwa 1969 wakaongeza wapulizaji wanne, wakawa watu saba. Bendi ya watu saba ni gari la kukodi, vitanda saba na sahani saba, kila mwenye bendi humu anaijua hesabu hiyo. Haikudumu hata msimu mmoja kamili. Aliyebaki kwa muda mrefu ni Elton Dean, mpuliza saksafoni, ile tunayoiita mdomo wa bata. Kama jina Elton linakukumbusha mtu, hujakosea: kijana mpiga piano aliyewahi kuwa naye bendi moja alichukua jina lake la kwanza, akaongeza John la mwimbaji wao, akaenda kuwa Elton John. Majina tena.

1970 ikatoka santuri waliyoiita Third, yaani ya tatu. Santuri mbili kwenye ganda moja, pande nne, na kila upande una kipande kimoja tu cha karibu dakika 20. Upande wa kwanza umeunganishwa kutoka maonyesho ya jukwaani ya Januari 1970 huko Croydon na Birmingham, kelele zake zote zimo. Tangu hapo wakaacha kuzipa santuri majina, wakahesabu tu: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, kama madarasa ya shule.

Upande wa tatu wa santuri hiyo ni wa Wyatt, na ndio upande pekee wenye kuimba. Kuna kisa chake kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Juni 1969 walialikwa BBC kurekodi kwa ajili ya kipindi cha John Peel. Kwa kawaida redio ilitaka nyimbo fupi. Safari hii wakaruhusiwa kupiga kirefu. Wyatt akabadilisha maneno ya wimbo wake huo, akaimba shukrani kwa BBC kwa kuwapa muda, na akaimba kwamba kuna mashine ya chai pale kwenye korido. Mashine ya chai! Mzungu wa Canterbury, bila kujua, alikuwa anafanya kile kile wanachofanya waimbaji wetu ukumbini: wimbo uko katikati, macho yanazunguka mezani, anamtaja mwenye baa, anamtaja aliyetuza, anamtaja mama muuza mishikaki mlangoni. Wimbo unajua uko wapi usiku huo. Mimi naamini hapo ndipo muziki wa jukwaani unapotofautiana na wa studio, si kwenye ukubwa wa spika.

Kisha Agosti 13, 1970. Royal Albert Hall, London, maonyesho ya Proms. Hayo ni maonyesho ya muziki wa kiklasiki yaliyoanza 1895, na bendi ya rock haikuwahi kualikwa. Soft Machine wakaalikwa, na BBC ikawarusha hewani. Wyatt amesimulia kwamba kabla ya zamu yao alitoka mlango wa nyuma kuvuta sigara. Aliporudi bawabu akamkatalia. Akamwambia naingia kupiga muziki humo. Bawabu akamwangalia zile nywele, akamjibu kwamba humo ndani unapigwa muziki wa maana tu. Kila mpiga dansi aliyewahi kuambiwa apitie mlango wa jikoni kwenye hoteli kubwa anamjua bawabu huyo kwa sura.

Mwaka mmoja baadaye, 1971, Wyatt hakuwemo tena. Wenzake watatu walitaka muziki usio na maneno, jazz ya kwelikweli. Yeye alitaka kuimba. Waliishi gari moja, jukwaa moja, bila kuongea sana, mpaka akatolewa. Mwanzilishi, mpiga drams, sauti ya bendi. Mimi kwa hukumu yangu walikosea, na nitalisema hilo hata mbele ya wenyewe. Bendi ilizidi ustadi, ikapungukiwa na mtu wa kutaja mashine ya chai.

Alichofanya Wyatt ni cha kijanja. Aliunda bendi mpya akaiita Matching Mole. Kwa maana ya kawaida ni fuko, yule mnyama mchimba mashimo. Lakini litamke kwa haraka uone: ni Kifaransa, machine molle, mashine laini. Jina walibaki nalo wao, na yeye akaondoka nalo amelivalisha kanzu. Laiti sisi kwenye ile bendi ya hoteli tungekuwa na akili hiyo.

Juni 1, 1973, kwenye sherehe huko London, Wyatt alianguka kutoka dirishani. Uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikapooza. Kwa mpiga drams, miguu ni nusu ya kazi. Novemba 4 mwaka huo huo yakafanyika maonyesho mawili kwa siku moja kwenye ukumbi wa Rainbow, London, kumchangia. Walipiga Pink Floyd, waliokuwa kileleni mwa umaarufu wao mwaka ule. Na bendi nyingine iliyopanda jukwaani jioni hiyo ilikuwa Soft Machine. Bendi ile ile iliyomtoa. Ndani ya mwaka mmoja Wyatt akatoa santuri yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na sauti ile waliyoona haihitajiki ikamlisha kwa miaka mingi.

Bendi nayo ikazidi kubadilika. 1972 alikuja Karl Jenkins kutoka Wales, mpiga kinanda na saksafoni, lakini pia obo. Obo ni mtoto wa ukoo mmoja na nzumari yetu ya pwani: matete mawili yanayotetemeka mdomoni. Atakayewahi kusikia nzumari kwenye ngoma ya Lamu hatashangaa inavyoweza kukata katikati ya drams na besi. Jenkins akawa ndiye mtunzi mkuu, na miaka mingi baadaye akawa mtunzi mashuhuri wa muziki wa kwaya, hata akapewa cheo cha Sir. Mwaka huo huo alikuja John Marshall kwenye drams. Mwishoni mwa 1973 gitaa likarudi, mikononi mwa Allan Holdsworth, na vijana wa solo humu nina hakika mmeshawahi kulala na video zake mkitafuta vidole vinapita wapi. Alipoondoka 1975, nafasi yake akaichukua John Etheridge.

Mwanzoni mwa 1976 Ratledge, yule wa kinanda kisichopumua, akaaga. Hapo ndipo penye swali langu. Kati ya wanne wa 1966 hakubaki hata mmoja. Na bendi ikaendelea kupanda jukwaani kwa jina lile lile, London, Paris, kote.

Tulinganishe na kwetu, kwa sababu hapa kweli pana la kulinganisha. NUTA Jazz ilianzishwa 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika, bendi ikawa JUWATA. Kikabadilika tena, ikawa OTTU. Leo ni Msondo Ngoma. Jina limebadilika mara tatu na hakuna mshabiki aliyepotea njia Jumapili jioni, walifuata mapigo. Waingereza hawa ni kinyume chake: jina halikuguswa, watu wote wakabadilika. Sisi tumebadilisha ubao wa mlangoni, wao wamebadilisha wakazi. Nani kati yetu ana nyumba ile ile?

Miaka ya themanini ikawa kimya. Santuri ya 1981, maonyesho machache pale klabu ya Ronnie Scott's 1984, kisha basi. Watu walidhani imezikwa. Lakini wapigaji wazee walikuwa bado wanapigiana simu. 2004 Dean, Hopper, Marshall na Etheridge wakapanda jukwaani kama Soft Machine Legacy, yaani urithi wa Soft Machine, na neno lile la urithi waliliweka kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyowahi kuishi. Dean akafariki 2006. Akaja Theo Travis, mpulizaji kijana kwao. Hopper, yule mbeba spika, akafariki 2009. Akarudi Roy Babbington, aliyepiga besi hiyo hiyo miaka ya sabini. 2015 wakaliondoa lile neno la urithi, wakabaki Soft Machine tupu. 2018 wakatoa santuri ya studio, ya kwanza kwa jina hilo tangu 1981, wakazunguka dunia nayo hadi Los Angeles.

Marshall alipiga drams mpaka karibu na mwisho, alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 82. Kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa na Asaf Sirkis. Februari 2025 akafariki Ratledge. Etheridge bado yupo jukwaani. Aliingia 1975 kuziba pengo la Holdsworth, na sasa ndiye mzee wa nyumba.

Mtaniuliza jibu langu. Mimi sasa nasema hivi: bendi ni ule mkono usioinuka. Etheridge na wenzake wakipiga leo, bado wanaunganisha kipande na kipande, bado wanahesabu saba, bado huoni mlango wa makofi. Tabia iliyoanza kwa sababu mtu mmoja alikosa gitaa na spika yake inapiga mluzi, imehamia kwa watu ambao hawajawahi kuwa na tatizo hilo. Yule kiongozi wetu wa hoteli alichukua jina, lakini namna ya kuingia kwenye kiitikio, ile ya kuchelewa nusu pigo, ilibaki kwetu. Alikuja kuniomba nimfundishe mpiga kinanda wake mpya. Nilimfundisha, kwa malipo.

Maneno yametosha. Fundi, ile Third, hiyo santuri ya pili kwenye ganda, tuwekee upande wa tatu. Nyie sikilizeni jambo moja. Mwanzoni ni Wyatt karibu peke yake: anaimba, anapiga drams, kinanda, besi, vyote kavipiga mwenyewe, kwa sababu wenzake hawakuwa na hamu na wimbo huo. Katikati, baada ya dakika kadhaa, kuimba kunakoma na mnasikia watu wengine wanaingia chumbani. Atakayepashika pale wanapoingia anyooshe mkono.